Tusisubiri turubai ndo tujuane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nizungumze na wenzangu wa mitaani, najua kurasa zenu zina mambo mengi ya siasa na mpira lakini hili nalo ni letu sote na limenikaa moyoni muda mrefu. Nakaa Kihonda hapa Morogoro, mtaa wa kawaida tu, wenye nyumba na wapangaji tumechanganyika, wapo walimu, bodaboda, mama lishe, wastaafu, wanafunzi waliopanga vyumba, na nadhani haya nitakayosema mtu wa Mbagala au Buhongwa au Ngarenaro atayaona ni ya kwake.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye msiba sisi watu wa mitaani ni hodari kweli kweli. Mtu akifariki saa tisa usiku, kabla jua halijapanda turubai liko juu, viti vya plastiki vimefika, kuni zimepasuliwa, daftari la rambirambi liko mezani na mtu mwaminifu kakaa nalo, akina mama wako uani wanachambua mchele, vijana wameshaenda makaburini na majembe, wala hakuna aliyelipwa na wala hakuna aliyeulizwa dini yake au kabila lake. Zamani hata watani walikuwa na kazi zao hapo, Mzaramo akifiwa anakuja Mnyamwezi anazuia shughuli mpaka apewe chochote, watu wanacheka machozi yakiwa bado hayajakauka, na mpaka leo kuna misiba unayakuta hayo. Hii ni mali kubwa tuliyoachiwa na wazee wetu na hakuna aliyetufundisha darasani.

Sasa mtu yule yule akiwa anaumwa chumbani kwake miezi na miezi, nani anajua?

Kuna mzee mmoja hapa kwetu, sitasema zaidi kwa heshima ya familia yake, alikuwa anatakiwa kwenda kliniki Dar mara kwa mara, na hawezi kwenda peke yake, lazima mkewe amshike mkono. Treni ya SGR ilipoanza Juni 2024 nauli ya kawaida ya Moro na Dar ilipangwa shilingi 13,000, watu wawili kwenda na kurudi ni 52,000, hapo hujahesabu bajaji, hujahesabu chakula, hujahesabu vipimo vya kulipia. Kliniki za mwanzo akaenda, zilizofuata akaacha, na sisi mtaani tulichokuwa tunajua ni kwamba mzee siku hizi haonekani, labda yuko kwa watoto. Alipofariki rambirambi ikavuka milioni moja. Mkewe siku tunamkabidhi bahasha alituambia kwa upole kabisa, bila kumkasirikia mtu, kwamba hela hii ingekuja kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka mzee asingekosa kliniki hata moja. Sisemi angepona, kupona ni kwa Mungu, nasema angekwenda. Na angejua kwamba mtaa aliokaa miaka yote hiyo unamhesabu angali anapumua.

Watu wengine wakisikia habari kama hii wanasema siku hizi watu hawana utu, kila mtu na hamsini zake. Mimi sikubali. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka pale Msamvu, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, wengi wakazikwa makaburi ya Kola, majeruhi wakapelekwa mpaka Muhimbili, na aliyekuwa Morogoro siku zile anajua mji huu ulivyolia kwa pamoja. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria pale Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, watu 24 wakatoka hai na jina la yule kijana mvuvi Majaliwa Jackson likajulikana nchi nzima. Wale wavuvi hakuna aliyewatuma. Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, walioanza kufukua ni wale wale waliokuwa jirani, wamachinga na wapita njia. Kwahiyo moyo tunao, tena mwingi.

Nimewaza sana kwanini basi moyo huo haufiki kwa mgonjwa wa chumba cha pili, na ninavyoona mimi sababu ni kwamba msiba una utaratibu na ugonjwa hauna. Msiba una tangazo, una mahali pa kukaa, una daftari, una mtu wa kupokea hela, una siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na kila mmoja anajua kazi yake hata kama ni kubeba viti tu. Ugonjwa wa muda mrefu hauna tangazo. Deni halina turubai. Mama aliyejifungua na mume yuko safari hakuna anayempigia baragumu. Unamhurumia mtu lakini hujui uanzie wapi, unaogopa utaonekana mbea, au utaonekana unamdharau, au ukienda mikono mitupu utaonekana umeenda kuchungulia, basi unaahirisha, kesho unaahirisha tena, mwisho mnakutana kwenye turubai.

Kuna vitu vilivyokuwa vinaziba hilo pengo na vimelegea. Mfumo wa nyumba kumi kumi ulioanza enzi za TANU miaka ya 1960 ulikuwa na kasoro zake, na wapo walioumizwa na mabalozi, yaani viongozi wa hizo nyumba kumi, wenye maneno mengi, lakini balozi alikuwa anajua nyumba gani haijapika. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 balozi akabaki kuwa mtu wa chama, asiye wa chama hicho haendi kwake na shida zake, na mwenyekiti wa mtaa tunayemchagua kila baada ya miaka mitano, kama tulivyochagua Novemba 2024, ana kaya nyingi mno na kazi yake kubwa imekuwa kugonga mihuri ya barua za utambulisho. Halafu zikaja kuta. Siwalaumu wanaojenga kuta maana wezi wapo na hata mimi nina geti, ila ukuta ukishapanda hata ile kusikia mwenzio anakohoa usiku inakwisha, na mtu anaweza kuhamia, kukaa na kuhama bila nyumba ya nyuma kujua jina lake.

Lile grupu la WhatsApp la mtaa ambalo lingetusaidia limejaa matangazo ya viwanja, sabuni za kung'arisha ngozi, na video za kutumiana. Nimewahi kuona mtu anaandika kwamba mtoto wake ana homa kali na anaulizia usafiri, na juu yake na chini yake watu wanaendelea kubishana penalti. Nadhani wengi hawakuuona tu.

Naomba nikae kidogo kwenye hili la madeni maana ndilo linaloumiza akina mama wengi kuliko yote na ndilo tunalolitendea vibaya kuliko yote. Mikopo ya kausha damu mnaijua. Mama anakopa laki mbili ya kuongeza mtaji wa genge, anaambiwa arudishe kila siku au kila wiki na riba juu, biashara ikiyumba kidogo anakopa kwingine alipe huku, akiyumba tena wanakuja na gari wanabeba godoro, jiko la gesi, TV, kabati la vyombo, mchana kweupe. Na sisi tunafanya nini? Wengine tunachungulia getini, wengine wanapiga video, mtoto wa yule mama anatoka shule anakuta watu wamejaa mlangoni wanacheka. Jioni mama hayupo, amezima simu, amekimbilia kwao au amekimbilia mkoa mwingine na watoto wamebaki na bibi. Mtu amepotea mtaani kwa deni ambalo wenzake ishirini wakikaa chini wangelijua mapema, wangemsindikiza kwa mkopeshaji kuomba muda, wangemuuliza kama huyo mkopeshaji ana leseni maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, na wangemwambia ukweli kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ambayo haina riba. Kuna akina mama hawajui hata ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata iko wapi. Hayo maneno ya kusindikizana hayagharimu hata mia, yanataka tu mama awe na mtu wa kumwambia "nimekwama" bila kuogopa kuwa kesho itakuwa habari ya kisimani.

Na hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko hela, Mhariri. Siri. Mtaa ambao hauwezi kutunza siri hauwezi kusaidiana, mtu atakufa na shida yake kifuani kuliko kuitoa. Tunalea watoto wetu kwenye umbea tukiona ni burudani halafu tunashangaa kwanini jirani hasemi. Mimi nadhani mtu mmoja anayejulikana mtaa mzima kwamba akiambiwa jambo linaishia kwake ana thamani kuliko kamati ya watu kumi, na kila mtaa una mtu kama huyo, mara nyingi ni bibi au mwalimu mstaafu au muuza duka ambaye daftari lake la mikopo limejaa majina na hajawahi kumtangaza mtu.

Sasa nimekuja na pendekezo, sijaja kulalamika tu. Karibu kila mtaa una kikundi cha kufa na kuzikana. Kina katiba, kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kina sufuria na turubai, na kina nidhamu kali, usipoonekana kwenye misiba unapigwa faini. Hiki ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote tulivyonavyo huku chini na tumekipa kazi moja tu. Naomba tukiongezee nyingine, tusianzishe kikundi kipya, vikundi vipya vinakufa. Kwetu tunachanga elfu mbili kwa mwezi. Tukitenga mia tano katika hiyo elfu mbili iwe ya walio hai, kaya 60 zinatoa elfu 30 kila mwezi. Elfu 30 ni hela gani? Ile bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, tuliyoizoea huku mikoani ilikuwa elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Yaani kila mwezi mtaa ungeweza kukatia kaya moja kadi ya mwaka mzima, na tungeanza na wale wazee wanaokaa peke yao na wajukuu. Sasa imekuja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 na viwango vyake vingine, sawa, hesabu itabadilika lakini njia ni ile ile, na mwezi ambao hakuna wa kukatiwa kadi hela inakaa kwa ajili ya nauli ya kliniki.

Hela ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni miguu. Kila nyumba kumi wawe na watu wawili wa zamu, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, kazi yao ni kupita tu, kubisha hodi, kukaa dakika kumi, kuuliza mmeamkaje, dawa zipo, mtoto kaenda shule. Wakiona jambo wanamwambia yule mtunza siri mmoja na sio grupu. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mtaa wenye mhudumu hao watu wa zamu wafanye naye kazi, usio na mhudumu wasisubiri. Mzazi aliyejifungua aendewe kukandwa maji ya moto na kupelekewa uji wenye pilipili manga kama mama zetu walivyokuwa wanafanya bila kuombwa, na kama hana mtu basi zamu ijue ni nani anakwenda asubuhi na nani jioni mpaka arobaini yake iishe.

Nimesema mwanamke mmoja na mwanaume mmoja na nimekusudia. Huku kwetu kuuguza kumeachiwa akina mama peke yao. Msibani wao ndo wanakesha jikoni, nyumbani wao ndo wanaogesha mgonjwa, mtaani wao ndo wanapeleka uji, na sisi wanaume tunakaa na karata na bao tukisubiri kubeba jeneza. Lakini mzee wa kiume aliyepooza anaona aibu kuogeshwa na mke wa jirani, anahitaji mwanaume mwenzie amgeuze, amnyoe ndevu, amsomee gazeti, akae naye wazungumze Yanga na Simba. Kijana wa bodaboda anayejua jirani yake ana kliniki Jumanne anaweza kumfikisha stendi alfajiri kabla hajaanza kutafuta abiria. Hivyo sio vitu vikubwa na hakuna mwanaume atapungua kitu.

Najua mtauliza mweka hazina akikimbia na hela je. Imeshatokea mitaani, sikatai, na ndiyo maana nasema hela iende moja kwa moja kwenye kadi au tiketi au duka la dawa, mgonjwa asipewe taslimu na kiongozi asikae nayo, na salio lisomwe kila kikao kama linavyosomwa la misiba, jumla tu bila majina ya waliosaidiwa. Sheria ile ya 2018 inavitambua vikundi kama hivi vya kuweka na kukopeshana, vinasajiliwa huko huko halmashauri, kwahiyo kama kikundi chenu kinakopeshana pia jisajilini mlindwe. Mtauliza na wale wa kujifanya wagonjwa. Mtaa ukiwa unatembeleana wa kujifanya anajulikana ndani ya wiki, ni pale tusipotembeleana ndo tunadanganyana. Na mpangaji asiyejulikana, anayekaa miezi mitatu anahama, naye aingizwe? Mimi nasema ndiyo, tena yeye ndo wa kwanza kubishiwa hodi, maana mwenye nyumba ana ndugu na majirani wa miaka, mpangaji mgeni akiugua usiku hana hata namba ya kupiga. Mwenye nyumba akipokea kodi ampe na namba ya mtu wa zamu.

Viongozi wa dini niwaombe kitu kimoja. Jumuiya ndogondogo zinasali nyumba kwa nyumba kila wiki na zinajua nani kalala kitandani, misikiti nayo inajua nani wa kupelekewa sadaka na zaka, hiyo ni kazi nzuri sana na inafanyika kimya kimya, ila mara nyingi inaishia kwa waumini wenyewe. Msibani tumeweza kuvuka huo mpaka, Mkristo anachimba kaburi la Mwislamu na Mwislamu anabeba jeneza la Mkristo na hakuna anayeona ajabu. Basi na kwenye kumtazama mgonjwa mpeane taarifa, katibu wa jumuiya na imamu wawe na namba ya huyo mtunza siri wa mtaa, mzee asiyesali popote naye asiachwe.

Watoto nitasema kwa kifupi kwa sababu wenzangu wameshawaandikia sana. Wapo wanaorudi shule saa nane wanakuta mlango umefungwa, wazazi wako kazini mpaka usiku, wanazurura. Bibi mmoja kwenye kila nyumba kumi akiwa na mkeka barazani na watoto wakajua hapo ndipo pa kukaa mpaka mama arudi, bibi kapata wa kumchotea maji na mtoto kapata wa kumwangalia. Hilo linaweza kuanza leo hii bila kikao.

Mhariri, ombi langu kwako ni kwamba gazeti lako lina matangazo ya vifo na shukrani za misiba, nayasoma kila toleo na ni jambo jema. Naomba pawe na kona japo ndogo ya mitaa inayouguza, mwandishi aende akae kwenye kikao cha kikundi cha kufa na kuzikana Tandika au Kirumba au huku kwetu, aulize wanatunzaje hela, wanamtembeleaje mgonjwa, wamekwama wapi, atuandikie tusome. Na wasomaji wenzangu ambao mtaa wenu umeshaanza kitu kama hiki, tuandikieni hapa hapa kwenye ukurasa huu katiba yenu inasemaje kuhusu mgonjwa wa muda mrefu, mnampa muda gani, na mnafanyaje mtu anapogoma kusaidiwa kwa sababu ya aibu, maana hilo la mwisho mimi bado sijapata jibu lake. Kikao chetu ni Jumapili ya mwanzo wa mwezi ujao, nitalipeleka pendekezo la mia tano, na nitafurahi sana nikienda nikiwa na majibu yenu mkononi.

Msomaji wako,
Kihonda, Morogoro